Alipoteza Hela ya Kioo cha Mteja Kwenye Tekken, Akakaa Benchi Siku Nne Kumsoma Mbabe Wake

Kuna jamaa mmoja wa Mwananyamala, miaka 23, fundi simu anayejifunzia kazi kwenye kibanda cha mtu. Jumapili moja jioni aliingia banda la gemu akiwa na elfu 70 mfukoni. Saa nne usiku alitoka hana hata nauli, ambayo hata hivyo hakuihitaji maana anakaa mtaa wa pili.

Hela haikuwa yake. Hapo ndipo stori inapoanza kuuma.

Kuna mama anauza chapati za oda mtaani kwao. Simu yake ilidondoka, kioo kikapasuka na tachi ikafa kabisa, wateja wanapiga na yeye anaiangalia tu ikiita. Alimpa jamaa elfu 70 akamchukulie kioo orijino Kariakoo Jumatatu asubuhi. Kopi hakutaka, alishawahi kuwekewa ikadumu wiki tatu. Akamwambia, "Mwanangu, wewe nakujua, ndiyo maana sikumpa bosi wako." Yaani ile hela haikupita hata kwa bosi. Msala ukibumbuluka, bosi anasikia mambo mawili kwa mpigo: kijana amekula hela ya mteja, na kijana anapiga kazi za pembeni.

Sasa ukiuliza banda la gemu alifuata nini na hela ya watu, jibu ni kwamba alienda kucheza mechi moja. Wadau wa gemu mnaijua hiyo mechi moja.

Mle bandani kuna dereva bajaji mmoja, umri umeshagonga arobaini, kila mtu anamwita kaka mkubwa. Anacheza Tekken 7 na anamtumia Paul, yule wa nywele zilizosimama kama ufagio. Hana mbwembwe, hana kombo za kushangiliwa. Anarudi nyuma, anakinga, anakinga tena, halafu wewe ukikosea mara moja anakupa ngumi moja inayoondoka na karibu robo ya damu yako. Ukimwangalia usoni utadhani anasubiri abiria.

Jamaa yetu anamtumia King, mwanamieleka wa kinyago cha chui. Dau lilikuwa buku tano kwa mechi. Saa ya TV alilipia kaka mkubwa mwenyewe, akasema anayefungwa asilipe mara mbili, na kauli hiyo peke yake ingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake. Jamaa alifungwa ya kwanza, akataka kurudisha. Akafungwa ya pili. Ya tatu alibakiza raundi moja tu kushinda, na hiyo ndiyo iliyommaliza, maana kuanzia hapo aliamini yuko karibu. Mechi 14, zote alifungwa. Piga hesabu mwenyewe.

Jumatatu mama wa chapati alipita kibandani. Jamaa akamwambia mzigo haujafika Kariakoo. Jumatatu hiyo hiyo jioni akarudi bandani, safari hii hana hata mia, akakaa kwenye benchi la nyuma akiwa na hasira. Kila kaka mkubwa alipomfunga mtu, jamaa alisema kwa sauti, "Huyu anabahatisha tu."

Aliyemnyamazisha ni dogo anayeshika zamu ya banda. Alimpa simu akamwambia aangalie video moja ya zamani. Wengi mmeiona: mashindano ya Evo, mwaka 2004, Marekani. Mjapani Daigo Umehara anamtumia Ken, Mmarekani Justin Wong anamtumia Chun-Li, gemu ni Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo amebakiwa na damu kama uzi. Kwenye gemu ile, hata ukikinga pigo kubwa linakumega kidogo, kwa hiyo Justin anajua akiachia pigo lake kubwa mchezo umeisha, mwenzake akinge asikinge. Akaliachia. Daigo hakukinga. Alisukuma fimbo kuelekea kwenye pigo lenyewe, teke moja baada ya jingine, kila moja kwa wakati wake kamili, mateke 15, halafu akageuza na kumaliza raundi. Ukumbi ulipiga kelele hadi leo video inaangaliwa.

Dogo akasema neno moja tu: "Alikuwa anamsubiri alipige."

Jamaa aliirudia video ile kama mara sita. Kilichomwingia hakikuwa vidole vya Daigo, maana vidole vile hana na hatakuwa navyo. Kilichomwingia ni kwamba Justin Wong alikuwa na pigo moja lililo sahihi kabisa, na ndiyo maana likasomeka. Kisha akawaza Giant Swing yake, lile pigo la King la kumshika mtu miguu na kumzungusha hewani. Jumapili aliitumia kila alipopata nafasi ya kusogea. Kaka mkubwa aliivunja karibu zote.

Hapa inabidi tuelezane kidogo kwa wasiocheza, wanaocheza wavumilie. Kwenye Tekken mtu anayekinga ana kazi ya kuchagua. Akisimama na kukinga, anazuia mapigo ya juu na ya kati, lakini ya chini yanampata. Akichuchumaa, ya chini anayazuia, ya juu yanapita hewani, lakini ya kati yanamkuta kichwani. Mikamato ya kawaida humshika aliyesimama hata kama anakinga, na aliyechuchumaa inampita. Kuivunja kuna kitufe chake, na kwa King lazima uangalie mikono: kuna mikamato inavunjwa kwa mraba, mingine kwa pembetatu, na mikono yote miwili ikitoka kwa pamoja unabonyeza vyote viwili. Muda wenyewe ni wa kupepesa jicho.

Na muda ndio kila kitu. Gemu hii inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Ngumi nyepesi ya haraka kabisa inafika kwenye fremu ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Macho ya binadamu hadi kidole kibonyeze ni kama robo sekunde, na hapo hujanywa bia. Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayeona ngumi ile ndipo akinge. Amekinga kabla. Mengi ya yanayoitwa kukinga ni maamuzi ambayo mtu ameshayafanya kabla hujabonyeza chochote, na mtu aliyeamua mapema huamua kwa mazoea. Mabingwa nao wana mazoea, ila wanayaficha vizuri na kuyabadilisha haraka. Dereva bajaji wa Mwananyamala hana haja ya kuyaficha, nani atamwangalia?

Jamaa akaanza kumwangalia.

Jumanne alikuja na kile kidaftari cha risiti cha kibandani. Usiku wa kwanza aliandika ujinga, maana alikuwa anamwangalia Paul anapopiga. Macho yanavutwa na ngumi, ni kawaida. Usiku wa pili akajilazimisha kuangalia Paul anapopigwa tu, hapo ndipo vitu vikaanza kutoka. Kaka mkubwa akiguswa na ngumi mbili nyepesi hajibu, anaendelea kukinga akiwa amesimama. Hachuchumai ovyo. Anachuchumaa akiona teke la chini la polepole, lile ambalo kila mshamba anadhani ni la kushtukiza, na akilizuia tu anakuokota hewani. Yale mateke madogo ya chini ya haraka hashughuliki nayo kabisa. Anayala. Ameshapiga hesabu kwamba yanauma kidogo, na afadhali ayale kuliko kuchuchumaa akakutana na pigo la kati.

Jumapili jamaa alikuwa analeta mateke ya chini ya polepole, matano kwa raundi. Alikuwa anampikia mtu chakula na kumpelekea mezani.

La pili lilimchukua hadi Alhamisi kuliona. Kuna dogo mwingine anacheza King vibaya, anabonyeza tu, na kwa kubonyeza tu wakati mwingine anatoa mikamato ambayo hata mwenyewe haijui. Mara mbili ilitoka ile ya mikono miwili, na mara zote mbili kaka mkubwa alishikika. Jamaa akasogea mbele akakaa karibu na pedi yake, asiangalie TV tena, aangalie kidole gumba cha kulia. King akisogea karibu tu, kile kidole kinaenda mraba. Haijalishi mikono gani imetoka. Kaka mkubwa hakuwa anaangalia mikono ya King hata siku moja. Alikuwa anajua watu wa banda lile wanapenda Giant Swing, na Giant Swing inavunjwa kwa mraba.

La tatu ni la mwisho wa raundi. Mtu yule mtulivu, anayesubiri kama abiria hayupo, akibakiwa na damu kidogo na mwili wa Paul ukaanza kuwaka mwekundu, hakai hata sekunde mbili. Anaachia Rage Art, lile pigo la mwisho ambalo ukimpiga katikati yake halikatiki. Watu wanakimbilia kummaliza, linawakuta. Lakini likikingwa, Paul anabaki wazi kabisa mbele yako, unachagua umfanye nini.

Wakubwa nao hufanya kazi hii ya benchi, tena kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2019 Mpakistani Arslan Ash, ambaye watu wengi hawakuwa wamemsikia, alichukua Evo Japan mwezi wa pili, halafu mwezi wa nane akachukua na Evo ya Las Vegas, akimfunga fainali Mkorea anayeitwa Knee, jina kubwa kwenye Tekken kwa miaka mingi. Knee hakukaa mtandaoni kusema jamaa kabahatisha. Alipanda ndege akaenda Pakistani kucheza nao. Ukifikiria hivyo, siku nne kwenye benchi la Mwananyamala si kitu.

Wiki hiyo yote mama wa chapati aliendelea kupita. Jumatano aliambiwa mzigo umekwama. Alhamisi aliambiwa kesho kutwa. Mara ya tatu hakujibu kitu, aliangalia kaunta, akaangalia simu yake iliyokaa kwenye kisahani cha skrubu, akaondoka. Akasema atakuja Jumamosi.

Ijumaa jioni jamaa aliingia na elfu 15, ujira wa kubadilisha chaji za watu wawili na spika moja. Mechi tatu mfukoni. Kaka mkubwa alimsogezea pedi bila kusema kitu.

Ya kwanza alifungwa, na ni aibu jinsi alivyofungwa. Siku nne za daftari na bado mkono ulimpeleka kwenye Giant Swing. Mazoea ya mwenzio unaweza kuyaandika, ya kwako yanakaa kwenye vidole. Elfu 10 imebaki.

Ya pili alianza taratibu. Ngumi mbili nyepesi, Paul anakinga. Ngumi mbili tena, Paul anakinga. Teke dogo la chini, Paul analila. Tena dogo, analila. Banda likaanza kuzomea, maana ni mchezo wa kuchosha kuangalia, lakini damu ilikuwa inapungua kidogo kidogo kama luku. Halafu King akasogea, kaka mkubwa akabonyeza mraba wake, na mikono miwili ikamnyanyua. Raundi iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu Paul alipoanza kuwaka mwekundu, jamaa aliacha pedi itulie, akarudi nyuma akakinga. Rage Art ikaja, ikagonga kwenye mikono, na Paul akasimama pale kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Alishinda sita mfululizo. Elfu 40.

Wengi wakisimulia hii stori huishia hapo. Lakini kilichotokea baada ya hapo ndicho kilichomfundisha jamaa mambo ambayo daftari halikumfundisha. Kaka mkubwa alijiweka sawa kwenye kiti, na mechi iliyofuata King aliposogea, Paul akachuchumaa. Mikono miwili ikashika hewa, ngumi ikapanda, jamaa chini. Mechi nzima ikawa hivyo. Na iliyofuata. Daftari lilikuwa limezeeka ndani ya dakika tano. Elfu 30.

Jamaa baadaye aliwaambia washkaji kwamba hapo ndipo alipotaka kuanza kukimbia mbele kama Jumapili. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kilichomwokoa ni kuiuliza akili swali dogo: mtu huyu amechuchumaa kwa sababu gani? Amechuchumaa kwa sababu anaogopa kukamatwa. Basi usimkamate. Sogea tu, mwonyeshe unakuja kumkamata, akichuchumaa mpe goti, la kati, kichwani. Alimpa mara nne. Ya tano kaka mkubwa alibaki amesimama, akakamatwa. Akachuchumaa tena, goti. Kuanzia hapo mzee wa watu alikuwa anabahatisha kweli, na safari hii neno lilikuwa na maana yake. Mtu anayebahatisha mara mbili kati ya machaguo mawili atapatia moja, lakini King akikupata anakula nyingi, na Paul akikwepa hakuwa anakumbuka tena kuadhibu. Hofu ilikuwa imemshika kwenye kukinga, hata ngumi yake akaisahau.

Tano nyingine. Elfu 55.

Hapo kaka mkubwa aliweka pedi juu ya kiti.

"Dogo, umekaa pale siku nne unaniangalia mimi?"

"Ndiyo, kaka mkubwa."

"Na mimi nilikuangalia Jumapili." Akachukua funguo za bajaji mezani. "Ukicheza na hela yako unakaa nyuma. Nimekuona ukicheza na wenzako kwa soda, unatulia kabisa. Jumapili ulikuwa unakuja mbele tu kama unafukuzwa. Ile hela ilikuwa ya nani?"

Jamaa hakujibu. Kisha akajikaza akaomba mechi tatu tu za mwisho, maana elfu 15 ndiyo iliyokuwa imebaki kufika 70. Kaka mkubwa akasema hapana, ana abiria wa hospitali saa tatu. Jamaa akamwambia basi amkopeshe hiyo 15. Kaka mkubwa akacheka, akamwambia ya Jumapili ameshaweka mafuta na kulipa hesabu ya tajiri, na hata kama angekuwa nayo, hela ya mchezo hairudi. Akatoka. Wapo bandani waliosema ana roho mbaya. Mtu alikuwa anadaiwa hesabu kila siku na bajaji si yake, angefanyaje?

Jumamosi asubuhi jamaa alienda Kariakoo na elfu 55. Kioo orijino ni 70, bei haijashuka. Kopi ilikuwepo, elfu 40, muuzaji akaiweka pembeni ya orijino kaunta, na kwa macho ya kawaida hutofautishi. Ingebaki na chenji elfu 15. Jamaa alisimama pale kaunta hadi muuzaji akahudumia watu watatu. Akaondoka mikono mitupu.

Saa kumi mama wa chapati alifika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzigo umefika?"

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, ameifanyia mazoezi njia nzima: mzigo upo bandarini. Lakini alimwona mama alivyosimama. Mkoba ameuweka mbele, mikono juu yake, uso hauna hasira wala hauna tabasamu. Mtu aliyeshaamua kabla hujasema. Hilo pigo ameshaletewa mara tatu wiki hii.

"Mama, hela niliichezea gemu."

Mama alikaa kwenye stuli. Akauliza gemu gani, jamaa akaeleza. Akauliza ni ile ya watoto ya kwenye TV? Jamaa akasema ndiyo. Mama akanyamaza muda mrefu, akauliza imebaki shilingi ngapi. Alizihesabu zile elfu 55 mara mbili, noti moja moja, akazifunga kwenye kanga. Akachukua na simu yake kwenye kisahani.

"Kumi na tano Jumatatu saa nne. Usipokuwepo, mimi na bosi wako tutaongea. Kioo nitampa fundi mwingine."

Jumatatu saa tatu na nusu jamaa alimpelekea, baada ya kuuza spika yake ya bluetooth kwa bei ya kutupa. Mama alipokea, akamfungia chapati mbili kwenye gazeti, akamdai elfu moja.

Jumanne jioni alipita bandani. Sasa hivi anacheza kwa soda tu, na watu wanamcheka. Kaka mkubwa alikuwepo, akamsogezea pedi. Raundi ya kwanza, ngumi mbili nyepesi, teke dogo, King akasogea, akanyoosha mikono yote miwili.

Kaka mkubwa alibonyeza vyote viwili.